Mawese Kwenye Vyuma vya Zuhura

Jumapili. Mvua imepiga tangu alfajiri, na ziwa limekuwa la kijivu mpaka hujui maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mwili umechoka ila moyo umetulia. Alhamdulillahi.

Niandike sasa hivi. Shule niliishia darasa la nne, na mambo nikiyaacha kichwani tu huchanganyika.

Zuhura wangu yuko nyumbani, likizo. Anasoma mbali, jijini, shule ya serikali yenye pande mbili: ufundi na biashara. Siku alipochaguliwa nililia kwa furaha. Nikalia tena niliposikia yuko karakana, anachomelea vyuma. Niliwaza macho tu. Kuna jamaa hapa Buzebazeba kachomelea mageti miaka na miaka bila miwani, leo macho yanamtoka machozi hata akicheka.

Wakiingia kidato cha tatu wanagawanywa, ufundi au biashara. Mwalimu wake wa karakana alinipigia simu wiki hii, akasema, "Mama, zungumzeni. Jumapili nitapiga tena nisikie neno la mzazi." Neno langu nilikuwa nalo. Biashara. Akae kwenye kiti, chini ya feni, afanye hesabu za watu. Zuhura alilijua bila kuambiwa. Hatukugombana, ila tulikuwa tunapishana jikoni kama wapangaji.

Shuleni wamempa kazi ya likizo: vipande viwili vya chuma, aviunganishe, arudi navyo. Shemeji yangu Hamisi, mdogo wa marehemu baba Zuhura, ana karakana yake mtaa wa Kasingirima, akakubali atumie mashine leo. Basi jana Zuhura alishinda uani anasugua vile vyuma kwa msasa mpaka vikang'aa kama sinia jipya. Akaviweka kwenye kigoda pamoja na vijiti vya kuchomelea alivyopewa na mwalimu, akaenda kuoga.

Mimi nikaona wingu linakuja kutoka upande wa Kongo. Chuma kitupu, na mvua hiyo! Kwetu panga halilali bila mafuta, wala jembe. Nikachota mawese, si ndiyo biashara yangu, nikapaka vyote, vyuma na vijiti, nikavifunga kwenye kitenge vizuri. Nikajiona mama kweli kweli.

Asubuhi akafungua.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia. Alinitazama, akasema polepole, "Mama, si ungeniambia tu kwamba hutaki."

"Nimevipaka visishike kutu, mwana wanje, mwanangu."

"Na vijiti je? Vikishanywa mafuta ndiyo basi tena, mama. Mwalimu alinipa hivi tu, sina vingine."

Nikaapa. Naapa, na yeye ananitazama kama mtu wa njiani. Hapo ndipo paliponiuma. Mtoto niliyemzaa aliamini naweza kumfanyia hila. Na niseme kweli, kimya changu cha wiki nzima ndicho kilichomfundisha kuamini hivyo.

Nikajitanda khanga, nikabeba lile furushi, nikamwambia twende. Mvua ilitunyeshea njia nzima.

Shemeji kuona vijiti vyekundu vya mawese, akashika kiuno. "Shemeji! Hivi ulitaka avichomelee au avikaange? Ungeongeza na kitunguu basi!"

Mimi sikucheka. Zuhura naye hakucheka. Hamisi akatuangalia, akaelewa kuna jambo. Akakiinua kile kitenge, kimelowa mafuta. "Hiki si cha sikukuu ya Idi hiki? Zuhura, mtu anayetaka kukuharibia kazi anaifunga kwenye kitenge chake cha Idi?"

Zuhura akakishika kitenge. Akakigeuza upande wa pili. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani, na mimi nikaanza kulia, mambo ya ovyo kabisa mbele za watu.

Shemeji akampa vijiti vyake mwenyewe. Vyuma tukaviosha kwa sabuni, tukavikausha, tukavisugua upya, mimi kimoja, yeye kimoja. Alipokuwa tayari akanivalisha kinga ya uso yenye kioo cheusi. "Ukiitoa tu nasimamisha kazi," akasema. Mimi ndiye niliyekuwa naambiwa nilinde macho!

Ndani ya giza lile nikaona nyota moja ndogo inatambaa. Nyuma yake mkono wa Zuhura, umetulia. Mtoto huyu hawezi kuleta kikombe cha chai bila kumwaga, nawaambieni. Vilipopoa akagonga lile ganda la juu likadondoka, na chini yake mshono umelala kama ukili uliosukwa.

Mchana mwalimu akapiga. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi, yote yakapotea. Nikasema, "Mwalimu, mwacheni kwenye vyuma." Halafu nikauliza kama kinga wanavaa kila siku. Akacheka. "Mama, asiyevaa haingii karakanani kwangu."

Zuhura alikuwa nyuma ya pazia, miguu yake naiona. Akaenda kuosha masufuria yote, hata yaliyokuwa masafi.

Nashukuru kwa mwalimu aliyemuuliza mtu kama mimi. Nashukuru kwa shemeji na mdomo wake. Nashukuru kwa shule inayompokea mtoto wa muuza mawese na kumpa moto mkononi.

Hofu haijaondoka, nisidanganye. Ila mikono yake nimemwachia mwenyewe. Macho yake, ya Rabi, nakuachia wewe.