Chambo cha Mwalimu, Mwamba wa Baba

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Sanduku limefika. Limepanda basi kutoka Dar kama mgeni wa heshima, na mume wangu Hussen ameenda kulipokea akiwa amevaa shati la Ijumaa. Mimi niliporudi kutoka Lindi mwezi uliopita nilijipandia bodaboda na gunia langu la mchele. Lakini mimi sina ndoana tumboni.

Amelifungua mbele ya Baba. Samaki wa plastiki! Wa bluu, wa kijani, mmoja ana mistari ya punda milia. Macho yao makubwa kuliko ya samaki yeyote niliyewahi kumparua magamba. Kuna vijiko vinavyong'aa, si vya chai. Na kuna dude la rangi ya waridi, kichwa cha risasi, chini nyuzi za mpira zinaning'inia kama sketi. Ndoana zimejificha ndani ya sketi.

Nikauliza hilo linaiga samaki gani. Hussen akasema haliigi samaki, linamkera samaki mpaka aume kwa hasira. Sawa. Kukera tunajua, kumbe tulikuwa tunasubiri vifaa tu.

Baba alichoshika ni uzi tu. Ni uzi wa kusuka, mwembamba, unabadilika rangi kila hatua chache ili ujue umeshuka kiasi gani. Akaupitisha kati ya vidole. "Huu utakukata mkono, mgeni wangu." Hussen akasema ndiyo maana kuna glovu. Na kweli, glovu zipo. Zimekatwa vidole vitatu, maana hata wao waliozishona hawakuwa na uhakika.

Mwalimu wa hesabu, mtoto wa wakulima wa korosho wa Kiranjeranje, ambaye mwaka jana alianza kutapika tukiwa bado tunasukuma mtumbwi. Huyu ndiye mvuvi mpya wa Pande.

Jumapili, 6 Oktoba

Mafunzo ya kurusha. Mwalimu ni simu, darasa ni uwanja wetu. Mrusho wa kwanza: kanga yangu kwenye kamba ya nguo. Wa pili: paa la jiko. Wa tatu sikuuona, nilisikia kuku tu. Yuko salama, ila hataki tena kupita upande ule.

Baba amekaa kibarazani na miguu yake iliyovimba, anatazama. Hajacheka. Kwa Baba hilo ni tusi.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo nimejua wazo la sanduku limetoka wapi. Tawakali, mwenye boti ya mashine na vijana wake wa kuzamia, alimwambia Hussen dukani mwezi uliopita, mbele za watu: "Mwalimu, mkeo akiumwa mtakula chaki?"

Tangu miguu ya Baba ikatae, anayekwenda baharini ni mimi. Baba hakujaliwa mtoto wa kiume. Alinifundisha kuvua kwa mshipi kwa sababu mdogo wangu Sada alikuwa akiona mawimbi analia, na akiacha kulia anaongea. Kwa hiyo ule mwamba ambao Baba alionyeshwa na babu tunaujua wawili tu, Baba na mimi. Ndio unaotulisha. Hauonekani juu ya maji. Unaupata kwa kupanga vitu vya nchi kavu, hiki juu ya kile, na upande wa pili kile kando ya hiki. Sitaandika ni vitu gani, hata humu. Watu wa nyavu na wa kuzamia wakiujua, watatoa chewa wote mashimoni kwa wiki moja, na hautajaa tena tukiwa hai.

Hussen yuko nyumba hii mwaka wa tisa na hajaonyeshwa. Baba bado anamwita mgeni wangu. Kwa upole, lakini mgeni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Maji mafu, hakuna mkondo, siku nzuri ya mshipi. Hussen akaanza kwa kuruka mshipi wangu uliotandazwa mchangani. Akauruka! Kama mtaro wa maji, na kwetu kuuruka mshipi ni mkosi. Baba akamwita arudi alikotokea, azunguke, na mimi nikausuuza mshipi wote kwa maji ya bahari. Mwalimu akasema kisayansi hakuna uhusiano. Kisayansi akarudi nyuma.

Tulikwenda kwenye matumbawe ya wote, karibu. Punda milia akarushwa. Lazima niseme ukweli: anaogelea vizuri sana. Akivutwa anatikisa kiuno kuliko samaki wazima. Samaki wazima walikuwa chini wanakula ngisi wangu. Nimepata samaki aina ya changu wa kutosha mchuzi. Punda milia amenasa kwenye tumbawe na huko ndiko anakoishi sasa.

Hussen anasema tatizo lilikuwa rangi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, shule imefungwa, bahari iko wazi kwa bahati mbaya. Leo tatizo lilikuwa mwanga. Kijiko kimepotea. Uzi wa kusuka umejifunga ndani ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia, mpaka ndege angetaga humo. Alipojaribu kuufungua, ukamkata kidole. Kilekile ambacho glovu imekiacha wazi.

Nilikuwa na maneno yangu tayari, mazuri, nimeyapanga tangu asubuhi. Akakaa kwenye omo, mbele ya mtumbwi, ananyonya kidole. Akasema bila kunitazama, "Kidawa, mimi sitaki samaki. Nataka siku moja baba yako aniite kwa jina jingine."

Nilimwonea huruma, halafu nikakasirika kwa sababu nilimwonea huruma. Nikampigia makasia mpaka nyumbani.

Ijumaa, 25 Oktoba

Tangu siku ile nimelibeba neno lake moyoni. Leo Baba aliporudi msikitini nikamwambia: kesho maji ni mafu tena, nataka kumpeleka Hussen mwambani.

Akahesabu tasbihi mpaka nikasikia harufu ya wali unaungua.

"Mpeleke," akasema. "Simu yake ibaki hapa."

Hussen amemkabidhi simu kwa mikono miwili, kama anakabidhi mahari. Baba akaitia chini ya mto. Kuhusu simu yangu hakusema kitu. Mimi si ni mtoto wa nyumba?

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika harufu ya samaki bado iko mikononi na sitaki kunawa!

Nilimkalisha Hussen akitazama sakafu ya mtumbwi mpaka tulipofika, na nilizunguka mara mbili makusudi. Hakulalamika. Wala hakutapika, nadhani kwa heshima.

Nikashusha ngisi wangu, mbichi wa asubuhi, na chubwi zito la kuuzamisha mshipi. Kimya. Nikangoja. Kimya. Yeye akafunga lile dude la waridi. Safari hii hakurusha. Aliliachia liende moja kwa moja, akihesabu rangi za uzi kwa sauti kama yuko darasani, mpaka likagusa chini. Kisha analinyanyua, analiachia. Analinyanyua, analiachia. Nikamwambia hata mimi ningekereka.

Fimbo yake ya kuvulia ikapinda mpaka majini.

"Usimpe uzi!" nikapiga kelele. Chewa akishauma kazi yake ni moja tu, kurudi shimoni, na akiingia anatanua mapezi na humtoi. Hussen alijiegemeza nyuma, meno nje, uzi unamkata palepale pa wiki ile, na hakuachia hata kidogo. Damu inachuruzika kwenye ile glovu ya kijinga. Akaja juu chewa mwenye mdomo wa kuingia kichwa cha mtoto. Nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya bahari kama mwendawazimu.

Baadaye niliomba kulifunga lile dude kwenye mshipi wangu. Nilipata wa pili, mdogo. Sitaki kulizungumzia.

Nikampiga picha amemkumbatia samaki wake. Ya kwanza jua lilikuwa nyuma yake na alifumba macho. Tukageuza mtumbwi, nikapiga nyingine. Ametoka vizuri. Sijamwona anacheka hivyo tangu harusi.

Baba alikuwa ameletwa ufukweni pamoja na kiti chake. Akamgusa samaki mashavuni, akapima mdomo kwa kiganja, akauliza ameumia nini mkononi. Kisha akawaambia waliokuwa wanapita: "Mkwe wangu huyu. Amevua." Hussen akajifanya anakunja uzi. Nilimwona anafuta macho kwa glovu.

Nimemtumia Sada picha, zote mbili, huko kwake Mtanda. Mwezi uliopita nilipokwenda Lindi nililazimika kulitazama friji lake la milango miwili, nikaonyeshwa ndani, nikaonyeshwa na taa yake. Na yeye aone kitu.

Jumapili, 27 Oktoba

Sada ameziweka status. Zote mbili. "Shemeji yetu huyo, chaki mkono huu, chewa mkono ule!" Na mioyo mingi.

Nilifurahi. Niandike ukweli, nilifurahi karibu asubuhi nzima, nikawa nafungua kutazama tena. Ndipo niliacha kumtazama Hussen nikatazama nyuma yake.

Picha ya kwanza: mnara wa simu umesimama juu kabisa ya paa jekundu la ghala la korosho. Ya pili, baada ya mimi fundi kugeuza mtumbwi: ncha ya mikoko imegusa bega la kilima. Basi naweza kuandika sasa. Ndizo alama zenyewe. Haihitaji simu ya maana kuzisoma, inahitaji mtu aliyekulia Pande.

Nilimpigia Sada afute. "Dada, si nimekusifia?" Hajui kitu, Baba hakumwonyesha kwa kuhofia mdomo wake. Hakudhani kuna siku mdomo huo nitaukodi mimi. Amefuta baada ya Adhuhuri. Mke wa Tawakali amesoma naye, namba yake anayo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Dukani. Tawakali alininunulia biskuti! Akasema, "Mwambie Mwalimu hongera. Na ule mnara umekaa vizuri kwenye picha." Biskuti nimempa mbuzi.

Nimemwambia Hussen kila kitu. Nilitaka anikaripie. Aliniuliza tu kama Baba anajua.

Jumanne, 29 Oktoba

Asubuhi boti ya Tawakali ilikuwa imetulia pale. Palepale. Nilisimama ufukweni na ndoo yangu nikaona vichwa vya wazamiaji vikitoka na kuingia, vikitoka na kuingia, kama wanachota maji kisimani kwetu.

Mchana mnada ulikuwa mkubwa. Chewa, chewa, chewa. Sauti inafika mpaka kibarazani. Baba alisikiliza mwanzo hadi mwisho, tasbihi mkononi haitembei. Sikuwa na mzaha hata mmoja. Nilijitafuta, sikuwa nao.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo Baba hakugusa chapati. Alisema ameambiwa kuna picha, anataka kuiona. Nikampa simu yangu. Ningefanya nini?

Karibu anaona vibaya, mbali anaona vizuri, basi akainyoosha simu mpaka mwisho wa mkono. Hakumtazama Hussen wala samaki. Macho yalikwenda moja kwa moja kule nyuma. Akaomba nimfungulie ya pili. Akatazama tena.

"Nani alipiga?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu katika nyumba hii, nikainama kumimina chai. Hussen akapiga goti.

"Ni mimi, Baba. Nilikwenda na simu kwa siri. Nisamehe."

Baba akaomba nimrudishie picha ya kwanza, kisha tena ya pili. Simu ya Hussen ilishinda chini ya mto wake siku ile, sote watatu tunajua. Lakini hakuitaja.

"Mikono yako yote miwili imemshika chewa, mkwe wangu," akasema. "Hapa, na hapa pia."

Bado alimwita mkwe. Akaweka simu juu ya mkeka, kioo chini, akasema chai imepoa.

Nimekuja jikoni kumchemshia nyingine. Maji yamechemka zamani. Naandika nimesimama, daftari juu ya kifuniko cha debe la unga. Kutoka kule nje nasikia kikombe kikiwekwa chini.

Sasa Baba anaita jina langu. Taratibu tu, kama alivyokuwa akiniita wakati wa kushusha mshipi, tusiwashtue samaki.