Kishikwambi cha Mwalimu wa Kwaya

Jumanne, 2 Julai
Mazoezi, saa kumi na moja jioni. Joto. Tumeanza kwa kuchelewa, kama kawaida yao. Nimefundisha sauti ya kwanza tu ya wimbo wa Sikukuu ya Mavuno kwa kishikwambi changu: nasoma nota, nawaimbia, wanarudia. Wimbo nimeutunga mwenyewe. Nota zake hazipo pengine popote.

Elisante, mwenyekiti wetu mpya, kaja na simu mpya, kubwa kama sinia. Kailaza juu ya kishikwambi changu mbele ya watu wote, wakapima. Vimepishana upana wa kidole kimoja. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikajichukia kwa kucheka.

Jumatano, 3 Julai
Nimekipeleka kwa fundi, mtaa wa Usagara, hakikai na chaji. Betri hakuna. Vishikwambi vidogo namna hii havitafutwi tena, kasema, watu wanataka simu kubwa, inapiga, inasoma, kila kitu humo humo. Akaniuliza, hiki kinanifanyia nini?

Kinanifanyia hivi: hakina laini. Hakuna anayenipigia humo, hakuna anayenitumia picha za harusi. Miaka sita sijakatizwa katikati ya wimbo. Simu yangu ya kubofya naiacha nyumbani, kishikwambi ndicho naenda nacho kanisani. Ningemwambia fundi haya angeniona mshamba.

Ijumaa, 5 Julai
Kamati wanataka nyimbo zangu zote ziwekwe kwenye kundi la kwaya, kila mtu asome kwenye simu yake. Wamelisema kwa adabu, shikamoo mwalimu kwanza. Nota zikishakuwa kwao, mimi wa nini?

Baba alifundisha kwaya hii tangu ilipokuwa ya vibarua wa mkonge. Daftari lake la nota hakumwachia mtu, hata mchungaji. Nimekataa. Kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Jumanne, 9 Julai
Sikwenda mazoezini. Makusudi. Siku tano zimebaki, waimbe nini sasa? Nikakaa barazani namenya machungwa, nawasubiri waje kunibembeleza. Nimejiandaa hata maneno.

Hakuja mtu. Kanisa si mbali na kwangu, mtaa huu huu wa Mabawa. Nikasikia wimbo wangu unaimbwa. Sauti zote nne.

Nota wamezitoa wapi?

Alhamisi, 11 Julai
Nimejua. Kaniambia Mama Neema wa sauti ya pili, rafiki yangu wa miaka mingi. Elisante alikuwa anasimama nyuma yangu mazoezini, anapiga picha kishikwambi kikiwa mkononi mwangu. Ukurasa baada ya ukurasa, tangu Pasaka. Mama Neema kanisimulia kama anayenipa habari za soko. Alikuwa anaona siku zote.

Wezi. Nimeliandika na silifuti.

Jumapili, 14 Julai
Mavuno. Nimekaa benchi la nyuma pamoja na wageni. Mbele maboga, ndizi, matenga ya machungwa ya Muheza, jogoo mmoja amefungwa miguu. Kwaya wamesimama, kila mtu na simu yake usoni.

Ubeti wa kwanza simu ya mtu wa besi ikalia. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Kisha mwisho wa ubeti, sauti ya pili wakanyamaza. Wote kwa pamoja, wametulia kabisa, huku wenzao wakimalizia. Ubeti wa pili vivyo hivyo. Na wa tatu. Mimi sikuandika kimya pale. Waumini wakapiga makofi, wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Elisante alitabasamu. Nilitoka kabla ya baraka.

Jumatatu, 15 Julai
Mama Neema kaja asubuhi. Nimempa chai. Katoa simu yake, kanionyesha zile picha. Kishikwambi kidogo, mtu unakishika kwa mkono mmoja. Kidole gumba changu kimelala juu ya mwisho wa mstari wa sauti ya pili. Picha zote. Wao wameimba hadi kwenye kidole, wakaacha.

“Mwalimu, hapo chini ya kidole chako pana nini?”

Ningeweza kusema nimesahau. Nilitaka kusema hivyo. Nikamwimbia, mara mbili, polepole. Akaandika kwenye simu yake, akanishukuru, akasema basi kesho mazoezini watakuwa sawa.

Nikamsindikiza hadi barabarani. Hakuniuliza kama kesho nitakwenda.