Herufi Kumi na Moja

Alhamisi, Juni 18, 1998

Sauti ile haijanitoka. Mpira wa besiboli kwenye gongo la mti: kavu, kama ukuni unaovunjwa gotini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nyuma ya fleti zetu hapa Laurel, Maryland. Kaka yangu Salim alinifunga macho kwa mtandio wa Mama, akaniambia nisikilize tu. Mlio mkavu, rudi nyuma. Mlio mzito, kimbia mbele. Mdakaji wa uwanja wa nje husikia kabla hajaona, alisema.

Leo nimetoka kazini na kuendesha moja kwa moja hadi Manassas, anakocheza Salim. Foleni kama kawaida. Nimefika mchezo umeshaanza. Nimekaa pale pale, karibu na ukuta wa kushoto, daftari mapajani. Naandika kila mpira unaopigwa upande wake: mlio, hatua ya kwanza, umedakwa au la. Naandika kwa Kiswahili, jirani asichungulie. Msimu wa nne huu.

Huwa anapita akinitania: "Malaika wangu wa kushoto kafika. Andika na mema basi, Zuhura!" Leo amepita kama sipo.

Mipira minne. Amedaka mitatu. Hatua ya kwanza: imechelewa, imechelewa, sawa, imechelewa.

Jumanne, Juni 23

Salim ana miaka ishirini na sita. Ligi ndogo zina ngazi, naye amekwama ya katikati. Rika lake wamepanda, au wanauza magari.

Aprili mpira wa mrushaji ulimpiga shavuni, chini ya jicho la kulia. Anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo upande wa kulia ndio unaomwelekea mrushaji. Mama alisema mkono huo alimkanya tangu mtoto. Daktari wa timu alimpima macho, akamrudisha uwanjani baada ya wiki tatu. Tulishukuru. Nilifunga siku moja ya nadhiri.

Tangu hapo hapigi vizuri. Anasema ni uchovu. Mimi nasema ndiyo, ni uchovu.

Jumamosi, Julai 4

Uwanja umejaa. Sikukuu yao ya uhuru. Muziki, watoto na fataki hata kabla ya giza. Kelele tupu.

Mpira wa juu, upande wangu. Mlio haukusikika na mtu. Salim alisimama. Wote tulikuwa tunauona mpira, yeye amesimama. Kisha akakimbia, na ukuta akaufikia kabla ya kujua upo. Bega, halafu kichwa. Hatua tatu kutoka nilipokaa.

Alipoinuka nilimwita. Alizungusha kichwa chote, shingo nzima, ndipo akaniona.

Nikaandika: hakuna mlio, hakuna hatua. Nikaitazama sentensi hiyo mpaka wino ukakauka. Kazini nalipwa kukagua takwimu za watu, kuona kinachojirudia. Hapa nimeandika miezi mitatu bila kusoma.

Jumapili, Julai 5

Maulidi, ukumbi wa kukodi Beltsville. Nilikuwa mlangoni kwa wanawake, naiona safu ya wanaume. Mzee mmoja alipita na mrashi akiwanyunyizia. Kila mtu anauona unakuja, anakunjua viganja, anainamisha kichwa. Salim alikuwa mwisho wa safu. Mzee alimjia kuliani. Marashi yalipomgusa aliruka kama kamwagiwa maji ya moto.

"Marashi hayo bwana, si mpira!" Watu wakacheka. Salim akacheka kuwashinda.

Kwenye gari nilimuuliza. Akasema nisianze. Nilizima injini.

"Naona ukungu tu," akasema mwishowe. "Na pembeni, giza."

Na daktari je?

"Ubao wa herufi. Nilizisoma kwanza kwa jicho zima, nikazihifadhi. Chuoni Mombasa tulihifadhi juzuu nzima na bakora juu ya kichwa. Herufi kumi na moja ni kitu?"

Alisema kwa fahari. Hilo ndilo lililoniumiza. Kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Mimi mwoga.

Jumatano, Julai 15

Nimelisoma daftari lote tangu Aprili. Siku tulivu anadaka. Siku za kelele anakosa. Anacheza kwa masikio.

Lakini akiwa na gongo mkononi? Mpira unaokujia usoni hauna mlio.

Jumapili, Julai 19

Amemimina chai kando ya kikombe. Mama akapangusa meza. "Umechoka, mwanangu. Jumapili hii lala." Salim akanitazama mimi. Nikatazama kitambaa.

Nikisema, nimemnyang'anya kitu pekee alichonacho. Hakumaliza chuo kikuu. Hajui kazi nyingine. Hatanisamehe, namjua. Nikinyamaza, nitakuwa nimekaa pale ukutani na kalamu siku atakapopigwa tena. Hakuna njia ya tatu. Nimeitafuta.

Jumapili, Julai 26

Wamemwita ngazi ya juu. Mchezaji wa huko kavunjika mguu, wanataka wa kujaza nafasi. Si kwa sifa, anajua. Aondoke Alhamisi. Huko mrushaji ana kasi zaidi.

Mama kapiga vigelegele jikoni hadi jirani wa chini akagonga dari. Salim alinivuta kando.

"Mwezi mmoja tu, Zuhura. Niachie mwezi mmoja nicheze huko."

Mwezi haurudishi jicho. Anajua kama ninavyojua. Anachoomba ni mwezi wa kuitwa mchezaji wa ngazi ile, basi. Na mimi karibu nimpe.

Jumatano, Julai 29

Mabegi mawili yako mlangoni. Mama amekanda mahamri ya safari, nami nimemsaidia kusukuma na kuchoma. Tumeyafunga kwenye karatasi ya foili, kumi na sita. Amesema niweke mawili zaidi, nikaweka. Salim anapiga pasi shati, anapiga mluzi. Simu iko kimya bado.

Jana na juzi, saa ya chakula cha mchana kazini, nilitafsiri daftari kwa Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa. Imechelewa. Imechelewa. Hakuna mlio. Leo niliomba ruhusa, na saa nne asubuhi nimemkabidhi daktari wa timu, mkononi, daftari na tafsiri yake. Kiapo nimekivunja. Nitalisha maskini kumi.

Nimeweka jina langu kamili. Na juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika: tumia ubao mwingine wa herufi, na uanze na jicho la kulia.