Impundu za Mabamba

Jumanne, 20 Julai 1976

Viraka viwili, spoki nne, mnyororo wa katekista. Katekista anaendesha baiskeli kama mtu aliyepanda punda wa jirani. Nimemwambia mnyororo unataka mafuta. Kasema atauombea.

Jioni redio: chombo cha Wamarekani kimetua Mirihi. Ndani hakuna mtu. Picha ya kwanza kimepiga mguu wake chenyewe. Nimekielewa. Hata mimi nikifika ugenini natazama viatu kwanza.

Ugali na dagaa. Nimekula kwa sababu vilikuwepo.

Alhamisi, 22 Julai

Bwana Kileo amepita. Kijana wa chuo kikuu, mtu wa Moshi, kaletwa hapa Kasulu kuhesabu sokwe. Si sokwe wenyewe, viota vyao. Anasema sokwe hujenga kila jioni na asubuhi huhama. Nikamwambia basi huyo operesheni ya vijiji haijamfikia. Hakucheka mpaka alipotazama nyuma.

Ameweka wasikilizaji Manyovu, Makere, Nyabibuye na Mabamba. Anayesikia sokwe hutuma neno kwa dereva yeyote, na dereva hulileta kwangu, maana malori yote husimama hapa kujaza upepo. Kwa hiyo siku hizi mimi ni fundi baiskeli na posta ya sokwe.

Kiha amejifunza neno moja: impundu. Ndiyo sokwe. Hakuna aliyemwambia kwamba impundu ni vigelegele pia, vile wanawake wanavyopiga mtoto akitoka salama. Ukiwa mbali, sauti zenyewe zinafanana. Leo nimemwambia. Akacheka mpaka akakaa kwenye tairi.

"Sasa, fundi, tutajuaje ni ipi?"

Nikamwambia tutajua kwa kuangalia nani kafurahi.

Jumapili, 25 Julai

Misa. Mahubiri marefu.

Vero ana mimba ya tatu. Mbili za kwanza tulizika. Ndiye mtoto wangu pekee, kaolewa Mabamba kwa Laurenti, watu waliovuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Laurenti ni mkulima mzuri na mtu wa maneno machache. Maneno yake yote alibaki nayo mama yake. Huyo mama ameniletea salamu kwa mdomo wa watu: nyumba haiwezi kunyamaza mara tatu. Maana yake naijua. Mtoto huyu asipoishi, Vero atarudishwa na Laurenti ataozwa mwingine.

Mke wangu angejua la kujibu. Yeye yuko nyuma ya kanisa, chini ya msalaba wa mninga. Mimi nimejibu, "Nimesikia."

Nimepita kwa Mzee Seif kununua sukari. Habari ya Mirihi haikumfurahisha.

"Nyota mbaya ile, fundi. Kwetu Bagamoyo ikikaa vibaya mtu haoi."

"Wamarekani wameshaikalia, mzee."

"Wataona," akasema, akapunguza sukari kwenye mizani.

Jumapili, 1 Agosti

Redio. Chombo kina mkono. Kimechota udongo wa Mirihi, kikaumwagia kitu kama mchuzi, kikasubiri kuona kama kuna kinachopumua. Udongo umepumua. Wakubwa wanasema tusishangilie mapema, huenda ni uhai, huenda ni udongo tu.

Bwana Kileo alikuwa ameweka sikio kwenye redio yangu kabisa. "Wao wanakwenda kutafuta uhai huko kote, mimi natafuta sokwe wa Mabamba na hata gari sijapewa." Anasema asipopata ushahidi, upande ule wa mpaka utaachwa mweupe kwenye ramani, na msitu usio na mnyama hukatwa bila mtu kuulizwa. Nikaona kumbe naye ana lake.

Jumatatu, 2 Agosti

Neno limefika.

Hamisi wa lori la maharage amesimama kujaza upepo. Ni Mzaramo, Kiha hajui. "Mzee, nimetumwa. Nikwambie impundu zimesikika Mabamba, alfajiri."

"Nani kakutuma?"

"Mtu wa mnadani, ana kofia kubwa. Lori lilikuwa linawaka, sikumuuliza ukoo."

Amelibeba kama mzigo uliofungwa. Ndani kuna nini hajui.

Nimekaa chini. Pampu ilikuwa bado mkononi. Nilisema "asante" mara nyingi, Hamisi akadhani namshukuru yeye.

Nina furaha. Naiandika ili nije niione.

Jumanne, 3 Agosti

Bwana Kileo amesikia sokoni. Amekuja mbio, shati nje.

"Mzee Zakaria, ni sokwe?"

"Ni mtoto."

"Unajuaje?"

"Vero alikuwa karibu kujifungua."

"Lakini tumemweka msikilizaji pale. Gervasi, mrina asali. Si ana kofia kubwa?"

Nikamwambia kofia Mabamba ni nyingi. Ni kweli. Kubwa ni moja. Hilo sikulisema. Tukatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja anavuta neno upande wake. Mwisho akanipa mkono. "Basi hongera, babu." Mtu mwenye adabu. Nilimchukia kidogo.

Kwa Mzee Seif nimenunua kitambaa cha kubebea na kofia ya sufu, nyekundu. Kesho lori, na baiskeli juu yake.

Jumatano, 4 Agosti

Kibondo. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimelala kwa fundi mwenzangu. Baiskeli imefika nzima, mimi nusu. Nimemwonyesha kofia. Akaivalisha ngumi yake, tukacheka.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimefika Mabamba. Vero yuko uani, anachagua maharage. Tumbo lipo palepale.

Kaniona, kaona na kile nilichoshika. Akasema, "Mwakeye, Baba," salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni.

Mama Laurenti katoka jikoni. Mtu haleti nguo ya mtoto ambaye hajatoka, hasa kwenye nyumba hii. Hilo silihitaji kufundishwa na mtu. Nilijaribu kueleza habari ya Hamisi, neno, kofia ya Gervasi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuwa mjinga. Akaishika kofia kwa vidole viwili, kama panya, akaitia motoni. Kitambaa nacho. Sufu ikiungua inanuka kama nywele.

Hakuna aliyemlaumu. Hata mimi sikumlaumu.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimekwenda na Gervasi, maana kukaa pale uani ni kazi ngumu kuliko kutembea. Neno ni lake, amekiri kwa fahari. "Nilisema mwenyewe: impundu! Dereva akaitikia vizuri!" Nikamwambia ndiyo, alifikisha.

Msitu uko kwenye korongo, mwembamba, mto katikati. Viota vipo juu ya miti. Majani ya baadhi bado mabichi. Kisha tukawasikia. Kwanza mmoja chini chini, halafu wote, wanapanda, wanapanda, mpaka korongo zima. Gervasi alinishika mkono. Nilimwona mmoja, jike, mtoto kifuani kamng'ang'ania manyoya. Alinitazama bila haraka. Akaondoka.

Bwana Kileo angelia. Mimi niliwaza kwamba viatu vyangu vimelowa.

Jumatatu, 9 Agosti

Uchungu umeanza asubuhi. Tumembeba Vero kwa machela hadi kwa masista, wanaume wanne kwa kupokezana. Laurenti hakukubali kupokewa.

Wanawake walikaa nje ya mlango. Wakasimama waliposikia hatua ndani, midomo tayari. Sista akatoka. Akatikisa kichwa. Wakafunga midomo.

Wa kiume.

Jumanne, 10 Agosti

Tumezika. Laurenti amechimba peke yake. Alichimba zaidi ya ilivyohitajika, mpaka mtu akamshika bega.

Mama yake alinisogelea njiani. "Mkwe, ulileta kofia." Basi. Hakupaza sauti. Ningependa angetukana.

Najua kofia haiui mtoto. Jambo hilo nalijua kama ninavyojua Mirihi iko mbali: nimeambiwa, nimekubali, halinisaidii.

Jumatano, 11 Agosti

Mama Laurenti: "Mchukue, mkwe, akapumzike kwenu."

Akapumzike. Kila mtu uani alilielewa neno hilo. Vero alilielewa kabla halijaisha, akaingia ndani kufunga mzigo. Laurenti alisimama mlangoni. Alifungua mdomo. Mama yake akamtazama. Akaufunga.

Nilitaka kumpiga Laurenti. Nikamsaidia kufunga mzigo kwenye baiskeli.

Ijumaa, 13 Agosti

Kasulu. Bwana Kileo alikuwa ananingoja kwenye kibanda. Aliona lori, akaja anacheka. Kisha akamwona Vero akishuka, akaona hana kitu mgongoni.

"Impundu zilikuwa zako, bwana," nikamwambia. "Wapo. Viota vibichi, sauti, jike na mtoto. Andika."

Hakuandika. Aliuchukua mzigo wa Vero akautua mlangoni. Baadaye akarudi, akasema pole. Halafu, kwa sauti ya chini kama mwizi, akauliza jike alikuwa na mtoto wa umri gani. Nikamjibu. Ana haki ya kuuliza. Ile ramani haina kosa.

Jumatano, 18 Agosti

Viraka vitatu. Katekista kaja na mnyororo uleule. Sala imeshindwa.

Vero anafagia. Akimaliza, anafagia tena. Jirani kaja kumpa pole na akamwambia bado kijana. Vero akajibu, "Ndiyo, mama." Jirani alipotoka akafagia alipokuwa amekaa.

Sijisikii chochote. Nimejikagua kama baiskeli, sehemu moja moja. Hakuna panapouma hasa. Haiendi tu.

Jumamosi, 21 Agosti

Redio. Wataalamu wamerudi nyuma. Ule udongo ulipumua, lakini huenda ni dawa zilizomo kwenye udongo wenyewe. Wametafuta hata masalia ya kitu kilichokufa zamani, hawakupata. Wengine bado wanabishana.

Sikujua kama Vero anasikiliza. Alikuwa anamenya mihogo.

"Wamechimba kina gani, Baba?"

"Nadhani kama kiganja."

"Hapo hupati kitu."

Akaendelea kumenya. Nikazima redio.

Jumapili, 5 Septemba

Laurenti amekuja. Na baiskeli, kutoka Mabamba yote hiyo, gurudumu la mbele limepinda kama sahani ya bati. Nimemkuta kibandani natoka misa, amekaa kwenye tairi kama mteja.

"Mama kakutuma?"

"Hapana, baba. Hajui."

"Anajua umekwenda wapi?"

"Nilisema kutengeneza baiskeli."

"Basi hujadanganya."

Nikaanza na gurudumu. Mtu akiwa anatazama spoki husema kirahisi. Akasema huko kwao wamemtafutia binti, watu wa Nyabibuye, na mjomba ameshakwenda kubisha hodi. Yeye hakwenda. Nikamuuliza alisema nini siku ile mlangoni, maana niliona mdomo. "Sikusema, baba." Nikamwambia hilo nililiona pia.

Vero alimletea maji ya kunywa. Laurenti akapokea kwa mikono miwili.

"Nimekuja kukuchukua."

"Nina maharage ya kupanda bondeni."

"Nitashika jembe."

"Kama una jembe."

Hana. Nimempa langu.

Dereva mmoja anasema chombo cha pili kimetua Mirihi, upande mwingine. Sikuwasha kusikia.

Jumanne, 7 Septemba

Sijafungua kibanda. Nimeshuka bondeni, nimekaa kwenye tuta na kutazama watu wakilima. Kazi nzuri kwa umri wangu.

Walianzia pande mbili za shamba, kila mmoja na upande wake. Walikaribiana jua lilipopungua, umebaki mstari mmoja katikati. Vero akasimama. Akamimina mbegu zilizobaki kwenye kiganja cha Laurenti, akaenda mtoni kunawa miguu.

Laurenti akaupanda peke yake. Vibaya. Mbegu zimebanana, nyingine ziko juu juu.

Vero aliporudi aliutazama mstari wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuurekebisha.