Uso Wako Barazani Kwangu

Mpendwa wifi,

Naandika hadharani kwa sababu sijui uliko na simu yako haipatikani. Usidhani nimegeuka mtu mwema.

Unakumbuka wageni kutoka ng'ambo ya Ruvuma walivyojaa Magomeni? Wenzangu waliona wakimbizi, mimi niliona wateja. Nikajaza duka mafuta ya kung'arisha uso, nikaandikisha na bango la Kireno. Wakapita wanacheka. Wewe, mke wa kaka yangu, mzaliwa wa huko huko, ndiye uliyenifumbua macho: "Wifi, kwetu mwanamke anataka msiro. Tena hanunui kwa maneno, mpaka auone usoni."

Ukausaga ule mti wa msiro juu ya jiwe kwa maji, ukajipaka uso mzima ukawa mweupe, ukakaa barazani. Siku hiyo hiyo walianza kuuliza bei, na waliofuata msiro waliondoka na vitenge na sabuni. Nilikupenda, wifi, kama fundi anavyoipenda cherehani yake.

Kaka akafa. Ukaingia eda, ndani, bila wanja wala manukato. Duka likapoa. Sikungoja hata arobaini ipite.

"Wifi, mie nipo kwenye eda," uliniambia.

"Eda hailishi mtu. Na nyumba hii unayolala ni ya nani?"

Ukajipaka huku unalia. Machozi yakachora mistari, nikakuamuru upake upya.

Siku ya tatu ya kukaa kwako tena barazani, mama akapita pale, akasimama mbele yako. "Mwanangu hata kaburi halijakauka, we unajipamba?" Ulinitazama mimi, ukangoja niseme. Nilikuwa napanga sabuni. Nikasema, "Hata mimi nimeshangaa, mama."

Uliondoka na begi moja. Mtaa mzima ulikusengenya, na mimi nilikusengenya kuwashinda wote.

Biashara ni nzuri. Nimemweka dada mwingine wa kwenu, na wateja wako wakikuulizia nawaambia umeshaolewa. Naona haya, sikatai, lakini haya hainizuii kufungua duka.

Mama tumemzika mwezi uliopita. Kabla ya kukata roho alisamehe watu, mmoja mmoja, kwa majina. Lako alipolifikia alisema, "Yule, hapana." Nilikuwa nimemshika mkono. Nikaitikia, "Sawa, mama."

Kaa huko huko, wifi. Mungu akutunze, maana mimi sikukutunza.

Dada wa marehemu mumeo