Nishani ya Darajani

Jumanne, 4 Machi
Nimepewa nishani ya ushujaa! Kanali kaingia wodini anatabasamu kama bwana harusi, kanipa mkono mbele ya wagonjwa. Ni kwa siku ile darajani – mimi na Mrefu, daktari mwenzangu, tulipowatoa majeruhi huku mizinga inalia. Nikauliza: na Mrefu je? Ni marehemu, lakini hata marehemu hutunukiwa. Akakohoa. "Tutaongea, Kapteni."

Kikohozi hicho sikukipenda.

Jumatano, 5 Machi
Tumeongea. Bora tusingeongea! Mrefu hapewi kitu. Kisa? Risasi ilimkuta amembeba majeruhi wa adui. Eti wananchi watatuelewaje. Nikasema yule mtu alikuwa anavuja damu, na sisi ni madaktari. Kanali: "Wewe ulitumia akili. Ulibeba wa kwetu."

Akili! Nilibeba aliyekuwa karibu. Tungepishana hatua mbili tu, ningembeba yule, na leo ningekuwa mimi udongoni, bila hata asante.

Nimebamiza mlango wake, kitasa kikabaki mkononi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa mama yake Mrefu. Asije akasikia redioni. Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Kanisikiliza hadi mwisho, kisha kauliza jambo moja: yule kijana alipona? Nikasema ndiyo, mama, yuko wodi ya mateka, anatembea kwa magongo.

"Basi kazi yake aliimaliza."

Hakulia. Lakini alikimenya kile kiazi hadi kikawa kama karanga. "Sherehe ni kesho, mwanangu? Nitakuja." Nikamwambia hawajamwalika.

"Nani kakwambia nasubiri mwaliko wao?"

Jumamosi, 8 Machi
Naandikia gotini, nyuma ya jukwaa. Asubuhi mume wangu kaniasa: pokea, nyamaza, tuna watoto. Nilifunga vifungo vya gwanda. Anasema kweli – ndiyo maana nimezidi kukasirika!

Getini walimzuia mama. Nikawaambia ni mama yangu. Wakampisha, yuko hapa kando yangu. Kanali kamwona, uso umemshuka. Kaja mbio: "Kapteni, usinitie aibu." Mimi? Aibu? Nimempigia saluti, basi.

Sasa wanasoma kwenye kipaza sauti. Cheo changu, jina langu, "aliyekwenda peke yake chini ya mizinga..."

Peke yake!

Mama kasimama kabla yangu. Kanishika mkono. Kanali anatikisa kichwa – hapana, hapana. Mama ananiuliza: "Tunapitia wapi kupanda jukwaani?"