Mawe Chini ya Saruji

Baba mpendwa,

Salamu kutoka Nyeri, ambako ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimeliona lile duka ulilolichongea mawe ujanani. Yule Mhindi mwenye duka aliliuza baada ya uhuru, na tajiri wa sasa amepaka saruji ukuta wote wa mbele, halafu akaichora mistari kwa msumari ili ifanane na mawe. Ati ndiyo maendeleo. Mtu anaficha mawe ili achore mawe.

Nilimwambia kwamba wewe ndiye uliyeyachonga yale ya chini. Akafurahi sana, akauliza kama bado una nguvu, maana ukuta wa nyuma haujachorwa mistari.

Kunywa uji ungali moto, Baba. Akija mtu wa Nyeri kukuita kazini, mwambie umezeeka.

Binti yako,
Wambui